Nani Huwachagua Wanaochagua Majaji?

Kituo cha Mahakama Kuu cha Nakuru kina historia ambayo hata miji mikubwa zaidi ingeionea wivu. Martha Koome, Jaji Mkuu wa sasa, aliwahi kusikiliza kesi hapa. Mtangulizi wake, David Maraga, alikuwa wakili mjini humu kwa miaka mingi kabla ya kuteuliwa jaji mwaka 2003, na baadaye akarudi kuketi katika korti zile zile alizokuwa akisimama mbele yake. William Ouko wa Mahakama ya Juu alipitia hapa. Daniel Musinga, aliyechaguliwa Rais wa Mahakama ya Rufaa mwaka 2021, naye alipitia hapa. Na mwaka huo huo wa 2021, jaji msimamizi wa kituo, Joel Ngugi, alikuwa akiamua kesi za watu huku jina lake mwenyewe, lililopendekezwa kwa Mahakama ya Rufaa, likiwa limekwama Ikulu.

Basi habari ya jinsi majaji wanavyopatikana si ya mawakili wa Nairobi peke yao. Na kama kuna eneo la Kenya lililolipia gharama ya kuichukulia vivi hivi, ni hili. Rais Kibaki alipoapishwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, viongozi wa chama cha upinzani cha ODM walikataa kwenda kortini kupinga matokeo ya uchaguzi. Sababu waliitamka hadharani: hawakuwa na imani na majaji, kwa kuwa majaji waliwekwa na yule yule waliyetaka kumshtaki. Mwishoni mwa Januari 2008 mapigano yalizuka Nakuru, na siku chache baadaye Naivasha ikawaka. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 walikufa. Sisemi kwamba uteuzi wa majaji ndio uliowasha moto huo. Ardhi, siasa za kikabila na vijana waliokodiwa vina sehemu yao, na sehemu kubwa. Lakini upande mmoja ulipotafuta mlango wa kutokea bila ghasia haukuuona, na mlango huo ulipaswa kuwa korti.

Katiba ya zamani ilimpa Rais uwezo wa kumteua Jaji Mkuu bila kumuuliza mtu. Majaji wengine aliwateua kwa ushauri wa Tume ya Huduma za Mahakama, na hapo ndipo mchezo ulipokuwa. Tume hiyo ilikuwa na watu watano: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, majaji wawili waliotajwa na Rais, na mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma. Wote watano walikuwa wateule wa Rais. Kumshauri Rais kwa mtindo huo ni sawa na mtu kujiandikia barua kisha akaijibu mwenyewe. Mwaka 1988 Bunge lilikwenda mbali zaidi, likaondoa kinga iliyowalinda majaji wasifutwe kazi ovyo. Kinga hiyo ilirudishwa 1990, lakini somo lilikuwa limeshaeleweka. Kwa miaka mingi baada ya uhuru Kenya ilikuwa na majaji wa kigeni waliofanya kazi kwa mikataba, na jaji anayengoja mkataba wake urefushwe na serikali hahitaji kuambiwa jinsi ya kuamua kesi dhidi ya serikali hiyo. Mwaka 1999 Rais Moi alimtoa Bernard Chunga kwenye kiti cha kiongozi wa mashtaka na kumfanya Jaji Mkuu. Hapakuwa na tangazo la kazi wala mahojiano.

Serikali ya muungano wa Narc chini ya Kibaki ilipoingia ilisema itasafisha. Ripoti ya kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera mwaka 2003 iliwanyoshea kidole majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufaa, 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, na mahakimu 82 kati ya 254. Wengi walijiuzulu. Nafasi zilizobaki wazi zilijazwa kwa njia ile ile ya zamani: majina yakatoka Ikulu, mwananchi akayasikia kwenye taarifa ya habari. Ila kuna jambo ambalo wanaosifu mfumo mpya hawapendi kulikumbuka. Maraga na Koome wote wawili waliingia Mahakama Kuu mwaka huo wa 2003, kupitia mlango ule uliofungwa. Njia ya giza iliweza kuleta jaji ambaye miaka kumi na minne baadaye angeongoza Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani. Ubovu wa njia hiyo ulikuwa kwamba ilimleta huyo na ikamleta pia jaji wa kununuliwa, na raia hakuwa na namna ya kuwatofautisha mpaka kesi yake iwe imekwisha kuamuliwa.

Katiba ya 2010 ilibadilisha karibu kila kitu. Tume, ambayo siku hizi wengi huiita JSC, hutangaza nafasi, hupokea maombi, huchapisha majina, na hualika umma kutoa taarifa juu ya waombaji. Wanaofika hatua ya mwisho huhojiwa mbele ya kamera. Anayetaka kuwa jaji wa Mahakama Kuu au ya Rufaa lazima awe na uzoefu wa miaka 10. Wa Mahakama ya Juu miaka 15. Sheria ya 2011 inaitaka Tume ipime umahiri, uadilifu, uwezo wa kuandika na kuzungumza, busara, na kujitolea kuhudumia jamii. Baada ya mashauriano ya faragha Tume humpelekea Rais majina, naye huwateua. Kwa Jaji Mkuu na naibu wake, Bunge la Kitaifa huwaidhinisha kwanza.

Jaribio la kwanza lilikuja mapema. Januari 2011 Rais Kibaki alimpendekeza Jaji Alnashir Visram awe Jaji Mkuu, pamoja na wanaume wengine kwa vyeo vya Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka, kabla Waziri Mkuu Raila Odinga hajakubali. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ilisema mapendekezo hayo yanakiuka Katiba, usawa wa kijinsia ukiwa miongoni mwa sababu. Jaji aliyeandika uamuzi huo ni Musinga, yule yule wa Nakuru. Kibaki aliyaondoa majina, Tume ikatangaza kazi, na Juni 2011 Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu na Nancy Baraza naibu wake. Kabla ya hapo ungemwambia Mkenya kwamba mwanaharakati aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Moi angeomba kazi ya Jaji Mkuu, ahojiwe kwenye runinga na kuipata, angekucheka.

Mahojiano ya wazi ni jambo zuri, lakini si dawa ya kila ugonjwa. Baraza alipita katika chujio hilo hilo lililosifiwa duniani. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anakabiliwa na malalamiko ya kumtisha mlinzi katika jumba la maduka jijini Nairobi. Jopo la uchunguzi likasema hafai, naye akajiuzulu Oktoba 2012. Hakuna swali la kamishna lingeyaona hayo mapema. Mahojiano ya runinga humpendelea msemaji, ilhali kazi ya jaji ni kusoma na kuandika, mara nyingi peke yake, usiku. Ndiyo maana mimi huzipa hukumu alizoandika mwombaji uzito kuliko majibu yake mbele ya kamera. Nimeona pia makamishna wakitumia muda wa mwombaji kujionyesha wao wenyewe, na wengine wakiuliza maswali ambayo mwajiri wa shamba la maua la Naivasha angeyaonea haya.

Hata hivyo pigano kubwa halikutokea kwenye mahojiano. Lilitokea baadaye, majina yalipofika mezani pa Rais.

Agosti 2019 Tume ilipeleka majina 41: majaji 11 wa Mahakama ya Rufaa, 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 wa Mahakama ya Leba. Rais Uhuru Kenyatta hakuwateua. Uhusiano wake na korti ulikuwa umevunjika tangu 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu chini ya Maraga ilipofuta ushindi wake. Siku hiyo hiyo aliwaita majaji hao wakora mbele ya umati. Sasa Ikulu ilidai kuna taarifa za ujasusi zinazotia doa baadhi ya majina. Februari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba Rais hana uwezo wa kuchuja: akishapokea majina, kazi yake ni kuteua. Hakuteua. Mwombaji mmoja kati ya wale 41 alifariki akingoja. Mnamo 3 Juni 2021 Rais aliwateua 34 na kuwaacha sita.

Tuwatazame waliobaki. Wanne walikuwa majaji wa Mahakama Kuu waliopendekezwa kupanda: Joel Ngugi, George Odunga, Aggrey Muchelule na Weldon Korir. Wawili, Evans Makori na Judith Omange, walikuwa maafisa wa mahakama waliopendekezwa kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wiki tatu kabla ya tarehe hiyo, jopo la majaji watano likiongozwa na Ngugi, Odunga akiwemo, lilikuwa limeuzima mpango wa Rais wa kurekebisha Katiba, ule wa BBI. Teresiah Matheka, aliyekuwa pia jaji wa Nakuru, alikuwa kwenye jopo hilo. Kila mtu alihesabu siku mwenyewe.

Hoja ya uadilifu ingekuwa na nguvu kama Ikulu ingepeleka ushahidi kwa Tume na kuomba majaji hao waondolewe, njia ambayo Katiba imeiweka wazi katika kifungu cha 168. Badala yake tukaambiwa, kwa vitendo, kwamba mtu hafai kukaa Mahakama ya Rufaa lakini anafaa kuendelea kumhukumu mkazi wa Kaptembwa au Molo. Ngugi aliendelea kuketi Nakuru kama kawaida. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilimpa Rais siku 14, na hizo nazo zikapita. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, siku moja baada ya William Ruto kuchukua madaraka. Walikuwa wamengoja miaka mitatu.

Gharama ya kungoja huko haikuandikwa kwenye bajeti yoyote. Lakini kumbuka kwamba karibu nusu ya majina yale 41 yalikuwa ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Katika Bonde la Ufa la kati kesi ya ardhi ndiyo kesi. Kampuni za kununua mashamba za miaka ya 1960 na 1970, mashamba yaliyogawanywa bila hati, mipaka ya msitu wa Mau, urithi wa baba mwenye nyumba tatu: vyote huishia katika korti hiyo. Jaji asipoteuliwa, faili hukaa kabatini, na anayekalia shamba kwa nguvu huendelea kulilima.

Hapo funzo la kisiasa likawa dhahiri kwa wote. Kalamu ya Rais inaweza kuchelewesha, lakini mwishowe korti zitaisukuma, na Rais ajaye ataitumia kujipatia sifa. Anayetaka kuwa na majaji wake asihangaike na mwisho wa bomba. Aende kwenye chemchemi, yaani kwenye Tume yenyewe.

Tume ina watu 11. Jaji Mkuu ni mwenyekiti. Majaji wa Mahakama ya Juu humchagua mmoja wao, wa Mahakama ya Rufaa mmoja. Majaji na mahakimu kupitia chama chao humchagua jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja, mwanamke na mwanamume. Hao ni watano kutoka idara yenyewe. Yupo Mwanasheria Mkuu, ambaye ni wa serikali. Yupo anayependekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Wapo wawili wasio mawakili wanaowakilisha wananchi, ambao Rais huwateua na Bunge huwaidhinisha. Hao ni wanne wenye uzi unaorudi Ikulu, kwa urefu tofauti. Wawili waliobaki ni mawakili, wanaochaguliwa kwa kura za wanachama wa Chama cha Wanasheria nchini.

Piga hesabu. Majaji wana watano, upande wa serikali wanne, na sita ndio wingi. Kambi yoyote kati ya hizo mbili haiwezi kushinda bila kuungwa mkono na mawakili, isipokuwa kambi nyingine igawanyike, na hugawanyika. Ndiyo maana uchaguzi wa mwakilishi wa mawakili, ambao zamani haukumshughulisha mtu nje ya taaluma, siku hizi hufanyiwa kampeni za nchi nzima, wagombea wakizuru miji hadi Nakuru kuwaomba mawakili kura.

Na kambi ya majaji nayo haina utakatifu. Jaji wa Mahakama Kuu anayetamani kupanda hupiga kura kumchagua mwenzake ambaye kesho atamhoji. Aliyechaguliwa hutaka kuchaguliwa tena, maana muhula ni wa miaka mitano na unaweza kurudiwa mara moja. Uhusiano wa aina hiyo hauhitaji rushwa ili upinde mambo. Ujirani tu unatosha. Wakenya tuliochoshwa na Ikulu tumekuwa wepesi kusahau kwamba majaji pia ni wanasiasa wa aina yao.

Serikali ililiona hilo la Tume mapema. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya kuitaka Tume impelekee Rais majina matatu ya Jaji Mkuu ili achague mmoja. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2016, kabla tu ya mahojiano yaliyompa Maraga kiti. Mwaka 2018 majaji wa Mahakama ya Rufaa walimchagua tena Mohammed Warsame kuwawakilisha. Rais Kenyatta alikataa kumchapisha katika Gazeti Rasmi na akataka Bunge limhoji. Korti ikasema aliyechaguliwa na wenzake hahitaji ridhaa ya wabunge, lakini Warsame alikaa nje kwa miezi mingi. Hakuna aliyehangaika hivyo kwa ajili ya kiti kisicho na thamani.

Nafasi mbili za wananchi ndizo ninazozitilia shaka zaidi, na ndizo zinazojadiliwa kidogo kuliko zote. Waandishi wa Katiba waliweka sharti kwamba wasiwe mawakili, ili mtu anayejua maisha nje ya vitabu vya sheria awe na sauti. Tangu 2023 mmoja wao ni Isaac Ruto, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Bomet na ambaye mwaka 2022 aligombea tena ugavana huo akashindwa. Simtuhumu kwa lolote, na Bunge lilimpitisha kihalali. Ninachouliza ni kama mkulima wa Kuresoi, mama muuza mboga sokoni au mwalimu mstaafu wa Bondeni alifikiriwa hata kwa dakika moja. Kiti cha mwananchi kimekuwa kiti cha kumpumzishia mwanasiasa, jambo ambalo Katiba haikulikataza kwa sababu haikulifikiria.

Bado, tukitazama majirani tuna cha kushukuru. Tanzania, Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Jaji Mkuu humteua mwenyewe. Juni 2025 Rais Samia alimteua George Masaju, ambaye amewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Uganda huwapitisha majaji bungeni baada ya ushauri wa tume, lakini mwaka 2014 ilibidi Mahakama ya Katiba imzuie Rais Museveni kumrudisha Benjamin Odoki, aliyekuwa ameshavuka umri wa kustaafu, kwenye kiti cha Jaji Mkuu.

Wapo wanaosema dawa ni moja: tuwachague majaji kwa kura. Marekani hufanya hivyo katika majimbo zaidi ya 30, kwa namna moja au nyingine. Missouri ilianzisha mwaka 1940 njia ya katikati, ambapo tume hupendekeza majina matatu, gavana huchagua mmoja, na baada ya muda wapiga kura huulizwa kama abaki. Mwaka 2010 wapiga kura wa Iowa waliwaondoa majaji watatu wa mahakama yao ya juu kwa sababu ya uamuzi mmoja juu ya ndoa za jinsia moja. Huko Wisconsin mwaka 2025 uchaguzi wa kiti kimoja tu ulimeza karibu dola milioni 100. Mexico ilijaribu kwa nchi nzima Juni 2025, na waliojitokeza ni takriban asilimia 13. Sasa lete mtindo huo Nakuru, kaunti ambayo kila uchaguzi hutangulizwa na mikutano ya amani na doria za polisi. Jaji angesimama kwa tiketi ya kabila gani? Na aliyeshindwa naye angekubali kesi yake ya shamba iamuliwe na mshindi?

Kuna mlango mwingine usiopigiwa kelele. Watu wengi wa eneo hili hawatamwona jaji maishani mwao. Watamwona hakimu wa Molo, Naivasha au Nakuru, au Kadhi. Hao hawapiti kwa Rais hata kidogo. Tume huwaajiri, huwapandisha vyeo, huwaadhibu na huwafuta. Kwa Kadhi, Katiba inataka awe Muislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu unaoiridhisha Tume, chombo ambacho hakilazimiki kuwa na mjumbe hata mmoja Muislamu. Kwa Waislamu wa Bondeni, ambao ndoa, talaka na mirathi yao huishia mbele ya Kadhi, huu ndio uteuzi wa karibu zaidi, na sijawahi kuona gazeti likiuandikia ukurasa. Mahojiano ya Jaji Mkuu hurushwa moja kwa moja siku kadhaa. Ya hakimu atakayekupa dhamana au kukunyima hayamvutii mwenye kamera.

Ugomvi na Ikulu haujaisha pia. Januari 2024 Rais Ruto aliwashambulia hadharani majaji waliosimamisha mipango yake, akidai wanahongwa. Mei mwaka huo huo aliwaapisha majaji wapya 20 wa Mahakama Kuu waliopendekezwa na Tume, bila kumwacha hata mmoja. Hiyo ni tofauti kubwa na 2019, iwe imetokana na heshima kwa Katiba au na kujua kwamba njia ya kuchelewesha haizai matunda.

Jaji Mkuu Koome alizaliwa Juni 1960. Kwa sheria atastaafu akitimiza miaka 70, yaani katikati ya 2030, chini ya Rais atakayekuwa amechaguliwa 2027. Muhula wa sasa wa wawakilishi wa wananchi katika Tume unaisha mapema 2028, na wa mwakilishi wa kiume wa mawakili, aliyechaguliwa 2024, mwaka mmoja baadaye. Mahojiano ya 2030 yatarushwa kwenye runinga, na wengi tutayatazama. Wengi wa watakaokuwa upande wa pili wa meza watakuwa wameshapatikana kimyakimya, mwaka mmoja au miwili kabla.